Nilichojifunza kwenye kona ya 16 ya Alpe d'Huez

Mara yangu ya kwanza kwenye mbio za baiskeli za La Marmotte, miguu iligoma kwenye kona ya 16 ya mpando wa mwisho, Alpe d'Huez. Kona za barabara ile zina namba: ya 21 iko chini, ya 1 iko juu, kwa hiyo nilijua fika zimebaki ngapi. Nilikaa kando ya barabara, misuli ya mapaja imekakamaa. Mfukoni mwa jezi nilikuwa na mkate niliouweka tangu alfajiri. Sikuwa nimeugusa.

Mbio hizi za wasio wa kulipwa zilianza 1982 katika milima ya Alps, Ufaransa. Njia yake ya kawaida inazidi kilomita 170, na ukijumlisha mipando yote unakaribia mita 5,000: Glandon, Télégraphe, Galibier yenye kimo cha mita 2,642, halafu Alpe d'Huez, kilomita 13 na ushee kwa mwinuko wa wastani wa asilimia 8 hivi.

Sikuwa mvivu. Kila nilipotoka mazoezini nilikimbiza saa mbili kwa nguvu zote, nikarudi hoi na kuridhika. Kumbe nilikuwa naufundisha mwili kazi ya saa mbili tu.

Kwa hiyo, tenga siku moja kwa wiki ya safari ndefu. Anza na saa tatu, ongeza kidogo kidogo hadi sita au saba, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza bila kukatika pumzi. Utaona aibu watu wakikupita. Waache wapite. Katikati ya wiki panda kwa bidii dakika 20, pumzika 10, rudia mara mbili. Kama huna mlima karibu, tafuta upepo wa mbele na ukanyage gia nzito ukiwa umekaa, bila kuachia pedali hata mara moja. Tambarare hutupumzisha bila sisi kujua, kwani kila baada ya muda tunaacha kukanyaga na baiskeli inaendelea yenyewe. Mlimani ukiacha, unasimama, na mpando mmoja unaweza kukuchukua saa nzima na zaidi.

Chakula ndicho ninachokisisitiza kuliko yote. Lenga gramu 60 za wanga kwa saa, na uanze ndani ya nusu saa ya kwanza, kabla njaa haijakukumbuka. Tumbo nalo linahitaji mazoezi, kwa hiyo kula hivyo hivyo katika kila safari ndefu, vyakula vile vile utakavyobeba siku yenyewe. Tafuna pale barabara inapolegea, maana kwenye mwinuko mkali unahema kiasi kwamba tonge halipiti.

Usione haya kufunga gia nyepesi. Nilikuwa na gia ya meno 34 mbele, kwenye pedali, na 28 nyuma, kwenye gurudumu. Kwa kilomita 8 kwa saa, gia hiyo inakupa mizunguko 52 hivi ya pedali kwa dakika, na kila mmoja unaupigania. Weka 34 nyuma, mwendo ule ule unakupa mizunguko 63. Baada ya saa saba barabarani, magoti yako yataijua tofauti hiyo.

Kwenye mteremko, punguza mwendo kabla ya kona, kisha achia breki. Usizibane mfululizo, zitapata moto. Beba koti jepesi la upepo hata kama bondeni kuna joto, kwa sababu jasho la Galibier hugeuka baridi dakika chache tu baada ya kuanza kushuka.

Wiki mbili za mwisho punguza saa za mazoezi hadi karibu nusu, lakini baki na mipando michache mifupi ili miguu isilale. Siku yenyewe panda Glandon kana kwamba umechelewa na hujali. Mara ya pili nilifanya hivyo, na nilipofika kona ya 16 mfuko wangu ulikuwa mtupu.