Jibu: Mwenzangu akipinduka mawimbini nimpandisheje?
Habari ndugu. Umeuliza umrudishaje rafiki yako kwenye kayaki (mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia) akipinduka kwenye mawimbi makubwa, maana kila ukimsogelea mnagongana.

Kwanza angalia mnasukumwa wapi. Mwamba ukiwa karibu, usianze kumpandisha. Ashike tezi (sehemu ya nyuma) ya kayaki yako, umvute hadi mbali na mwamba. Karibu na mwamba wimbi hugonga na kurudi, likakutana na linalokuja, na maji huruka ovyo.

Kugongana nadhani kunatokana na kumjia ubavu kwa ubavu. Mimi nilifanya hivyo, mwenzangu akabanwa bega katikati ya kayaki mbili, na hadi leo nikikumbuka naumia. Lenga omo (sehemu ya mbele) ya kayaki yake, mkae kama herufi T. Yeye asiiachie kayaki wala kasia. Kayaki tupu hupeperushwa haraka kuliko mtu anavyoogelea. Pandisha omo juu ya kayaki yako maji yamwagike, igeuze, kisha ilaze sambamba, omo yake kwenye tezi yako. Sasa iegemee kwa uzito wako wote, mikono miwili kwenye ukingo wa tundu la kukalia. Usiogope kuinama sana, kayaki mbili zilizoshikana hazipinduki kirahisi. Apande kifudifudi kupitia upande wa tezi, miguu iingie kwanza, ndipo ageuke akae.

Au kayaki yake ni ya kukalia juu? Hiyo haihitaji kumwagwa maji: igeuzeni, uishike, apande.

Jaribuni kwanza kwenye maji matulivu, mkibadilishana zamu, jaketi za kuokolea zikiwa zimefungwa.