Kabla ya kuta, fikiria maji

Kwa ulivyoieleza, ngome ya kwenye hadithi unayoandika iko kileleni, ina kuta nene na lango moja, na adui ameizingira mwaka mzima. Sawa, ila humo ndani wanakunywa nini? Kileleni hakuna mto. Kwenye ngome ya Königstein, Ujerumani, walichimba kisima mwambani chenye kina cha mita 152. Masada, ngome ya kale jangwani Israeli, walichonga matangi makubwa kwenye mwamba, wakaelekeza humo maji ya mafuriko. Chagua mojawapo, kisha mwonyeshe mtu akisukuma gurudumu la kamba, jasho linamtoka, ili ipande ndoo moja tu. Msomaji ataamini mzingiro wako kuliko kwa kurasa kumi za mapigano.

Chakula, taja maghala uendelee. Na kama kweli kuna majoka yanayoruka (umeyagusia tu!), kuta hazina kazi, watu waishi kwenye mahandaki ndani ya mlima.

Kuhusu itakavyoanguka, si lazima ukuta ubomolewe. Alamut, ngome ya milimani Uajemi (Iran ya leo), ilisalimishwa kwa Wamongolia mwaka 1256 kwa amri ya bwana wake mwenyewe, ambaye alikuwa tayari mikononi mwao.