Maswali na Majibu: Kombi ya Zamani Isiyowaka, na Safari ya Petroli Kutoka Tangini

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja: kombi za Volkswagen zilizokaa muda mrefu bila kutembea, ambazo stata inazizungusha vizuri lakini injini haishiki. Nimeyapanga kwa namna itakayomwezesha msomaji kuifuata petroli hatua kwa hatua, kwa sababu pampu nyingi hubadilishwa zikiwa bado nzima, kisha gari likabaki vilevile.

Swali: Salamu, fundi. Kombi yangu ni ya 1971, ina kabureta moja, na imesimama miezi minne. Napiga stata mpaka betri inachoka. Nimeshauriwa ninunue pampu mpya ya petroli. Nianzie hapo?

Jibu: Hapana, ndugu msomaji. Kwanza hakikisha kwamba plagi zinatoa moto, kwa maana injini isiyopata cheche na injini isiyopata petroli huonekana sawa kabisa kwa mtu aliyekaa kwenye usukani. Moto ukiwapo, zima swichi, fungua chujio la hewa, sukuma kibati cha choki kwa kidole hadi kisimame wima, kisha mulika tochi ndani ya koo la kabureta huku ukiuvuta kwa mkono ule mkono mdogo unaoshikwa na kebo ya pedali ya mafuta. Ndani utaona kibomba chembamba cha shaba kilichopinda kuelekea chini. Kabureta yenye petroli itarusha kutoka hapo mchirizi mwembamba, unaoonekana wazi na wenye harufu kali, kila unapouvuta mkono huo. Kisiporusha kitu, ama bakuli la kabureta ni kavu, ama pampu ndogo iliyomo ndani ya kabureta yenyewe imekufa.

Kwa gari lililosimama miezi minne, bakuli kuwa kavu si ajabu hata kidogo, kwani petroli iliyomo hukauka kwa mvuke, na pampu inayoendeshwa na injini yenyewe haiwezi kulijaza tena mpaka injini izungushwe kwa muda. Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, jaza petroli safi kidogo kwa bomba la sindano kupitia mdomo huo, rudisha mpira na klipu yake, kisha piga stata. Injini ikishika na kuendelea kunguruma, tatizo lilikuwa ukavu tu, na umeokoa fedha ya pampu. Ikishika, ikaenda kwa dakika moja hivi, kisha ikafa taratibu kama mshumaa unaoishiwa nta, ujue petroli haifiki kutoka tangini, na hapo ndipo swali linalofuata linapoanzia.

Swali: Nimechomoa mpira kwenye kabureta na kupiga stata, hakuna hata tone. Je, sasa naweza kusema pampu imekufa?

Jibu: Bado. Pampu isiyotoa petroli inaweza kuwa pampu isiyopewa petroli. Kabla ya kurudia jaribio hilo, nakuomba kwa dhati: chomoa waya unaopeleka umeme kwenye koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) ili pasiwe na cheche popote, elekeza mpira ndani ya chombo cha chuma, weka kizima moto mahali unapokifikia kwa mkono, na usitumie taa ya balbu ya kioo chini ya gari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutulia sakafuni na kusubiri.

Kisha tenganisha pande mbili za pampu. Chomoa mpira unaotoka tangini, uzibe kwa bolti inayoukaa barabara, halafu unganisha kipande cha mpira mpya kutoka mdomo wa kuingilia wa pampu hadi kwenye kikopo cha petroli safi. Piga stata. Ikitema petroli kwa mapigo yenye nguvu, pampu ni nzima na ugonjwa uko kabla yake, upande wa tangi: chujio lililoziba, wavu wa ndani ya tangi uliojaa kutu, au mpira uliopasuka. Huu wa mwisho ndio unaowapoteza watu wengi. Mpira ulioko upande wa kuvuta unaweza kuwa na ufa usiodondosha hata tone, lakini pampu inapovuta huingiza hewa badala ya petroli. Mipira ya zamani iliyofumwa kwa uzi nje huficha ufa huo vizuri mno. Ukunje kwa vidole karibu na klipu: ukisikia mlio wa kukatika, au ukaona vumbi jeusi likibaki vidoleni, badilisha yote, na ununue yenye alama ya SAE J30 R9, inayovumilia petroli iliyochanganywa na ethanoli. Mipira iliyotengenezwa kabla ya mchanganyiko huo kuenea haikukusudiwa kuuvumilia.

Pampu ikishindwa kuvuta hata kutoka kwenye kikopo, ifungue uangalie kifimbo kinachoisukuma. Injini hizi zilitumia vifimbo vya urefu wa aina mbili: milimita 108 kwa zile zenye dainamo, na milimita 100 kwa zile zenye oltaneta (vyote viwili ni vifaa vya kuzalisha umeme wa gari). Aliyewahi kubadilisha pampu bila kuangalia hilo huenda alikuachia kifimbo kifupi kisichofanya kazi, au kirefu kinachopasua kiwambo, yaani utando wa ndani ya pampu unaoivuta petroli. Ukiwa hapo, chomoa pia kijiti cha kupimia oili na ukinuse. Oili inayonuka petroli maana yake ni kwamba kiwambo cha pampu kinaweza kuwa kimepasuka na petroli inashuka kwenye injini. Usiwashe gari hilo hata kwa dakika moja mpaka chanzo kitengenezwe na oili imwagwe.

Swali: Yangu ni kinyume: plagi zimelowa chepechepe na gari lote linanuka petroli.

Jibu: Kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho, ishikilie hapo bila kuipampu, kisha piga stata ili hewa ikaushe silinda. Ikiwaka halafu ikajaa tena, fungua kifuniko cha kabureta. Toa boya, kile kinachoelea juu ya petroli ndani ya bakuli, ulitikise karibu na sikio. Ukisikia kimiminika kikicheza ndani, limetoboka na limezama, kwa hiyo haliwezi tena kuifunga vali ya sindano inayozuia petroli kuingia bakulini. Boya likiwa zima, tazama ncha ya sindano yenyewe, ambayo punje moja ya uchafu hutosha kuiacha wazi. Pampu mpya yenye msukumo mkubwa kupita kiasi huleta balaa lilelile.

Swali: Asubuhi inawaka mara moja. Nikishatembea nayo na kuizima, haikubali mpaka ipoe kwa nusu saa.

Jibu: Hapa nakusihi usikimbilie petroli. Koili na kondensa (vyote ni vya mfumo wa cheche) zilizochoka hufanya hivyohivyo zikipata joto, kwa hiyo jaribu moto wa plagi wakati uleule gari linapogoma, si baada ya kupoa. Moto ukiwa mzuri, fungua kifuniko cha tangi. Mlio wa hewa inayoingia kwa nguvu, kisha gari likawaka, unaonyesha kwamba kipumulio cha tangi kimeziba na pampu ilikuwa inashindana na ombwe. Pasipo mlio, petroli huenda inageuka mvuke ndani ya pampu au bomba lililo karibu na joto la injini. Katika injini hizi zinazopozwa kwa hewa, angalia kama mipira na mabati yanayoziba chumba cha injini yapo yote. Yakikosekana, hewa ya moto iliyokwisha pita chini hurudi juu na kuvutwa tena na feni. Wenye gari wengi huyatupa wakidhani ni mapambo.

Swali: Kombi yangu ilitengenezwa kwa soko la Marekani, haina kabureta. Nikifungua swichi sisikii pampu kabisa.

Jibu: Kwa mfumo wa kunyunyizia petroli wa L-Jetronic wa Bosch, uliofungwa kwenye kombi za soko hilo kuanzia toleo la 1975, ukimya huo ni wa kawaida. Pampu ya umeme hupewa umeme wakati wa kupiga stata, na baadaye pale tu hewa inayovutwa na injini inapokisukuma kibati kilichomo ndani ya kipima hewa. Fungua swichi bila kupiga stata, ingiza kidole kwenye kipima hewa na ukisukume kibati hicho taratibu. Pampu ikianza kuvuma, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na waya zake ni nzima. Isipovuma, pima umeme kwenye waya za pampu yenyewe kabla ya kuishuku. Usichomoe mpira wowote kienyeji: petroli humo ina msukumo wa baa 2 na zaidi, na itakurukia usoni.

Swali: Inashika, lakini nikiachia pedali inazima.

Jibu: Angalia vali ndogo ya umeme iliyo ubavuni mwa kabureta, yenye waya mmoja, inayofungua njia ya petroli wakati pedali imeachiwa. Fungua swichi, chomoa waya huo na uurudishe. Lazima usikie "tiki". Isipolia, na waya una volti 12, ibadilishe.

Swali: Nimefunga chujio la plastiki juu ya injini, kati ya pampu na kabureta, ili niione petroli ikipita. Je, ni sawa?

Jibu: Liondoe leo, kabla hujawasha tena. Linaning'inia jirani na distribuita, inayogawa umeme wa cheche kwa plagi, linatikiswa na injini kila sekunde, na uzito wake unavuta mipira. Siku mpira ukichomoka, pampu itamwaga petroli penye cheche. Lihamishie chini ya gari, kabla ya pampu. Na ukiwa na tochi mkononi, shika kile kibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta na ujaribu kukizungusha kwa vidole. Kimebanwa tu pale, hakina nati. Kikizunguka hata kidogo, kabureta hiyo itolewe na kibomba kikazwe upya.