Kabla Hujaaga Mapema: Kuhesabu Pointi za Futiboli ya Marekani

Februari 2017, mwaka wangu wa kwanza Texas, nilialikwa na mwenzangu wa kazini kutazama Super Bowl, fainali ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani. Atlanta Falcons walipofika 28 kwa 3 dhidi ya New England Patriots, nikavaa koti nikaenda kulala. Kwa macho ya mtu wa soka, pengo la 25 ni msiba. Asubuhi kule ghalani nilichekwa mpaka saa ya chakula: Patriots walikuwa wameshinda 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza.

Wewe uliyefika juzi, anza na hili. Tachidauni ni pointi 6. Kama ulizoea raga, usimsubiri mchezaji agandamize mpira chini. Mpira ukivuka tu mstari wa mwisho wa wapinzani akiwa ameushika, imetosha. Halafu timu hiyo hupewa nafasi moja ya kuongeza, nayo huchagua: kupiga teke kati ya nguzo, juu ya mwamba, ipate 1, au kuanzia yadi 2 kabla ya mstari huo na kuuingiza tena mpira kwa kukimbia au kupasiana, ipate 2. Zamani lile teke lilikuwa kama salamu, karibu kila mara liliingia. Tangu 2015 NFL imelisogeza nyuma, mpira unasafiri kama yadi 33, na sasa wapigaji hukosa wakati mwingine.

Kwa hiyo shambulio moja linaweza kuleta 8. Ukiona pengo, ligawe kwa 8. Pengo la 8 ni shambulio moja, la 16 ni mawili, na lile la 25 lililonipeleka kitandani lilikuwa manne tu! Patriots walilifuta hivi: tachidauni, 6, na teke la ziada likagonga nguzo. Kisha teke la pointi 3, lile linalopigwa timu ikikwama kabla ya kufika mstarini. Ikawa 28 kwa 12. Zikabaki 16, yaani 8 na 8, nao wakazipata zote mbili. Lile teke lililogonga nguzo ndilo lililowalazimisha kutafuta 2 mara mbili. Lingeingia, mara moja ingetosha.

Sefti huioni mara nyingi: mwenye mpira akiangushwa ndani ya eneo la mwisho la timu yake, lile lililo nyuma ya mstari, wapinzani hupata 2, na bado timu yake huwapigia mpira waanze wao kushambulia. Adhabu juu ya adhabu.

Na utakapomsikia mtangazaji akisema teke ni la yadi 47 ilhali mpira uko yadi 30 kutoka mstarini, hajakosea. Ongeza 17 kila mara: 10 za eneo la mwisho, kwa kuwa nguzo ziko nyuma yake, na kama 7 za kumrudishia mshikaji mpira nyuma.

Mwisho, kazini watakuletea karatasi ya visanduku 100, ya kubahatisha tarakimu za mwisho za matokeo. Kama huchezi kamari, kataa kwa adabu, hakuna atakayenuna. Ukikubali, tarakimu hupangwa kwa kura, nawe omba 0, 3 au 7, maana 3 na 7 ndizo hatua za kawaida za mchezo huu. Mimi mwaka jana niliangukia 2 na 5. Sikupata hata ya soda.