Pikapu ya umeme kwa kazi za Mtwara na Lindi: hesabu kilo kabla ya kilomita

Anayetaka pikapu ya umeme huku kusini huuliza kwanza inakwenda kilomita ngapi kwa chaji moja. Swali ni la msingi, lakini lipo linalotangulia: inabeba nini? Betri kubwa ina uzito wa mamia ya kilo, na kilo hizo zinakula nafasi ya mzigo wako. Kuna pikapu mbili za umeme zinazofanana kwa umbo na viti, na moja inabeba gunia tatu zaidi ya mwenzake.

Chukua gunia la korosho la kilo 80. Dereva na utingo wape kilo 140 kwa pamoja, maana nao wanahesabiwa kama mzigo. Isuzu D-Max EV imeandikiwa mzigo wa kilo 1,010. Toa watu, unabaki na 870, yaani gunia 10 na nafasi ndogo ya turubai na kamba. Maxus T90EV, ambayo Australia iliuzwa kama LDV eT60, ina kilo 1,000, kwa hiyo nayo ni gunia 10. BYD Shark 6 ina kilo 790. Ukitoa watu ni 650, gunia 8 na hapo umefika mwisho. Toyota Hilux mpya ya umeme, iliyozinduliwa Thailand Novemba 2025, ina kama kilo 715, kwa hiyo ni gunia 7. Ukifunga bampa la chuma mbele na keria juu, umeshatumia karibu gunia moja kabla hujapakia chochote. Takwimu hubadilika kidogo kulingana na kabini, kwa hiyo soma kibati cha mlangoni cha gari lile lile unalolinunua.

Tunajua pikapu ya dizeli huku hubebeshwa tani na nusu na inafika. Tabia hiyo usihamie nayo kwenye umeme. Gari likizidishiwa mzigo, mota na kidhibiti chake hupata joto mlimani, na kompyuta hupunguza nguvu yenyewe ili kuvilinda. Dereva anakanyaga mafuta, gari linatambaa. Tairi za gari zito huisha haraka, na ukidai dhamana, uzito ni kitu cha kwanza kitakachoangaliwa.

Pikapu za Kimarekani tuzimalize upesi. Ford F-150 Lightning, Rivian R1T na Tesla Cybertruck zimetengenezwa kwa usukani wa kushoto tu, plagi zake ni za Marekani, na zikijaa mzigo zinazidi tani 3.5, kwa hiyo zinaingia kundi la magari ya mizani. Ford yenyewe ilitangaza Desemba 2025 kwamba inasitisha Lightning ya umeme mtupu. Hata bei ya mnada ikikuvutia, tunashauri uachane nazo. Kazi ya kutafuta spea itakushinda.

Zilizobaki nne zote zina usukani wa kulia, lakini zinatofautiana kikazi.

D-Max EV ina betri ya uniti 66.9, inavuta kwa tairi zote nne, na kipimo cha Ulaya kinaipa kilomita 263. Inavuta tela la tani 3.5, na inaruhusiwa kupita maji ya sentimita 60. Hilux ina betri ya uniti 59.2 na kama kilomita 240. Inabeba kidogo, tela lake linaishia kilo 1,600, ila imepewa kina cha maji cha sentimita 70 sawa na ndugu yake wa dizeli. Maxus ina betri kubwa kuliko hizo, uniti 88.5, na kilomita 330, lakini inasukuma kwa tairi za nyuma peke yake. Kwenye lami ya Mtwara, Mikindani na Lindi hilo halina shida. Kwenye mchanga wa ndani ya mashamba, au njia ya Liwale wakati wa masika, utaliacha gari barabarani.

Shark ni kitu kingine kabisa. Ina injini ya petroli ya lita 1.5 yenye tabo, na betri ya uniti 29.6 inayochajiwa kwa plagi. Kwa umeme peke yake ukiwa na mzigo panga kilomita 60 hadi 70, kisha injini inaendelea. Haina gia nzito ya kupandia milima, na nyuma ina springi za koili, kwa hiyo fundi hawezi kukuongezea majani ya springi kama alivyozoea. Kosa linaloiharibia sifa ni kutoichaji. Betri ikiisha, injini ile ndogo inabeba gari, mzigo, na kazi ya kuzalisha umeme kwa wakati mmoja, na petroli inakwenda kuliko ulivyotarajia. Kabla ya mlima mrefu, iamuru gari itunze akiba ya chaji tangu bado uko tambarare.

Sasa ndiyo kilomita

Kipimo cha Ulaya hupatikana kwenye maabara, bila gunia. Kwa kupanga safari za huku tumia uniti 25 kwa kila kilomita 100 gari likiwa tupu, na 30 likiwa na mzigo, kwa mwendo wa 80. Ukikimbia 110 hesabu hii inavunjika, maana upepo unakula chaji kuliko mzigo. Bakiza asilimia 15 usiyoigusa. Panga safari kama vile hakuna chaja ya haraka njiani.

Kwa hesabu hiyo, ukichukulia kwamba kama asilimia 90 tu ya uniti za betri ndizo za kutumika, D-Max EV iliyojaa mzigo ni gari la kilomita 170, Hilux 150 na kidogo, Maxus kama 225. Mtwara hadi Lindi ni kama kilomita 105. Maxus inakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. D-Max na Hilux zinafika vizuri, lakini lazima zichajiwe Lindi kabla ya kurudi. Mtwara hadi Masasi kupitia Mnazi Mmoja ni kama 200, na hapo hata D-Max haitoshi kwa usalama. Anayefanya kazi ya Masasi na Tunduru, au anayepeleka mzigo Dar es Salaam, achukue Shark au abaki na dizeli yake. Mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Kilwa, magari yakasubiri. Siku ya namna hiyo tangi la mafuta lina faida isiyobishaniwa.

Njia ya Newala inastahili hesabu yake, kwa sababu korosho nyingi inashuka kutoka huko. Kutoka Mtwara ni kama kilomita 140, na mji uko kiasi cha mita 700 juu ya usawa wa bahari. Chukua D-Max yenye uniti 60 za kutumika. Ikipanda tupu, barabara itakula uniti 35. Kuinua tani mbili na nusu hadi kimo kile ni karibu uniti 5 nyingine. Unafika na 20. Ukiwa na mahali pa kuchaji usiku, asubuhi unashuka na gunia 10, na mteremko unakurudishia kama uniti 4. Kazi inafanyika bila wasiwasi. Lakini usijaze hadi asilimia 100 kabla ya kushuka. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme wa mteremko, kwa hiyo gari linaacha kujizuia kwa mota na breki za kawaida zinabeba tani tatu na zaidi peke yake. Dereva aliyezoea gari kujizuia akiachia pedali atashtuka kwenye kona ya kwanza. Ishia asilimia 90.

Umeme wa nyumbani ndio unaoamua

Hapa ndipo wengi hukwama baada ya kulipa pesa yote. Kwenye soketi ya kawaida utavuta ampea 10, yaani kilowati 2.3. D-Max iliyobaki na asilimia 15 itachukua kama saa 27 kujaa. Kwa kazi ya kila siku unahitaji chaja ya ukutani ya ampea 32, kilowati 7.4, ambayo inamaliza kazi hiyo kwa saa 8 na nusu. Shark, kwa betri yake ndogo, hujaa kwa saa 5 hivi.

Waya uwe wa shaba milimita mraba 6 ikiwa chaja iko karibu na bodi ya umeme. Ikizidi mita 25 weka 10. Laini iwe yake peke yake, na breka yake peke yake. RCD, yaani breka inayokata umeme unapovuja, iwe aina ya B, au aina ya A ikiwa chaja yenyewe ina kihisi cha miliampea 6 za DC, umeme wa aina ya betri. RCD ya kawaida ya aina ya AC inaweza kupofushwa na umeme wa DC unaovuja, ikakaa kimya siku mtu anapigwa shoti. Ongeza kizuia radi na mshtuko wa umeme kwenye bodi, maana umeme ukikatika na kurudi huja na kishindo.

Athi ndiyo inayosumbua zaidi pwani yetu. Chaja hupima athi kabla ya kuruhusu umeme, na isiporidhika inawasha taa nyekundu na kukataa. Mwezi wa tisa na wa kumi, korosho inapoanza, mchanga umekauka, na nondo moja ya mita 1.2 iliyopigwa wakati wa mvua haishiki tena. Piga nondo mbili za mita 1.5 au zaidi, zikiachana angalau kwa urefu wa nondo moja, uziunganishe kwa waya wa shaba wa milimita mraba 16. Kisha mwambie fundi apime kwa mashine ukiwa kiangazi. Wapo wanaoziba tatizo kwa kuunganisha athi na nyutro ndani ya soketi. Usikubali. Nyutro ikikatika kwenye nguzo, bodi nzima ya gari inakuwa na umeme, na mtu wa kwanza kushika mlango anaweza kufa.

Kama uko mwisho wa laini ya kijiji, pima volti saa mbili usiku. Zikishuka chini ya 200, chaja nyingi hukata. Ipange ianze saa tano usiku, au ishushe hadi ampea 16. Hii itakuokoa pia na breka kuu kuanguka wakati jiko na pampu vinafanya kazi.

Kwa gharama, sahau bei ya shilingi 100 kwa uniti. Kundi la D1 ni la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na gari linazimaliza kwa chaji moja na kidogo. Hesabu T1, kundi la matumizi ya kawaida, shilingi 292, ambayo pamoja na kodi na tozo inafika kama 356. Uniti 30 za barabarani ni 33 kwenye LUKU kwa sababu ya upotevu, sawa na shilingi 11,750 kwa kilomita 100. Dizeli ya lita 10 kwa mfano wa shilingi 3,000 ni 30,000. Unaokoa kama 18,000. Kwa kilomita 20,000 za mwaka ni shilingi milioni 3.6. Linganisha na tofauti ya bei ya magari ukiwa umetulia: D-Max EV Uingereza inaanzia karibu pauni 60,000 kabla ya kodi. Kwa anayekwenda kilomita 8,000 tu kwa mwaka, umeme hautarudisha pesa hiyo, na ni haki tumwambie.

Kabla ya kutuma pesa

Uliza plagi. Unayoitaka ni Type 2 na CCS2, inayotumika Ulaya, Australia na Afrika Kusini. Gari lililotengenezewa soko la China huja na plagi ya kule iitwayo GB/T, skrini ya Kichina, na programu inayotaka simu na intaneti ya kule. Bei yake ndogo ina sababu. Dhamana ya betri nayo, ambayo kwa kawaida ni miaka 8, hubaki nchi iliyouziwa gari. Mwambie muuzaji akuandikie nani atalihudumia Tanzania.

Kwa gari lililotumika, dai picha ya afya ya betri iliyosomwa kwa kifaa cha OBD, kile cha kusomea kompyuta ya gari, na tofauti ya volti kati ya seli. Lala chini uangalie kasha la betri: pakiwa pamebonyea au kuna mkwaruzo mpana wa jiwe, liache. Betri ndogo ya volti 12 ibadilishwe mara moja, kwa sababu ikifa gari halifunguki hata kama ile kubwa imejaa.

Wanaopokea samaki ufukweni wana neno lao. Shark inatoa umeme wa kilowati 6.6 kwa soketi zake, na hiyo inatosha kuendesha friza la kawaida usiku kucha, kwa hiyo samaki wanaweza kulala garini. Ila usirudishe gari lolote kati ya haya ndani ya maji ya chumvi. Kina cha maji kilichoandikwa ni cha mto. Chumvi ikiingia kwenye viunganishi vya nyaya za rangi ya chungwa, gari litaanza kulalamika kuvuja umeme wiki kadhaa baadaye na kukataa kuwaka. Suuza chini kwa maji baridi ya bomba, na usielekeze mashine ya presha kwenye nyaya hizo.

Mwisho, peleka TRA namba ya ushuru kabla ya gari kupanda meli: 8704.60 kwa pikapu ya umeme mtupu, 8704.51 kwa ya petroli na plagi kama Shark. Ni makundi mawili tofauti, kwa hiyo omba makadirio ya kila moja kwa maandishi, na uhakikishe namba iliyo kwenye ankara ya muuzaji inalingana na gari.