Tangazo langu la dagaa linasomeka kama risala

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nauza dagaa wakavu pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Nikiiambia ChatGPT "niandikie tangazo la dagaa" inaniletea maneno marefu kama risala kwa mgeni rasmi, na juzi imeandika dagaa wangu wametoka Kigoma! Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Umeiagiza kwa mkato mno. Programu hizi hujibu kwa kubashiri neno linalofuata, kutokana na maandishi zilizofunzwa nayo. Ukisema "dagaa" ukaishia hapo, mapengo inayajaza yenyewe, na dagaa wa Kigoma wana jina. Ichukulie kama kijana uliyemwajiri leo asubuhi: mdomo anao, ila Mwaloni hajawahi kukanyaga.

Jaribu hivi: "Niandikie ujumbe wa WhatsApp usiozidi maneno 40, kwa wenye maduka wa Dodoma wanaonunua kwa gunia. Dagaa ni wa Ziwa Victoria, wameanikwa kwenye vichanja, hawana mchanga. Bei usitaje, nitaiweka mwenyewe. Tumia Kiswahili cha sokoni, na usianze na 'Je, unatafuta'."

(Hilo la mwisho nimeliweka kwa hasira zangu. Kila tangazo la mashine linaanza hivyo.)

Hapo kinachouza ni vichanja. Mnunuzi aliyewahi kutafuna mchanga kwenye mboga anajua, lakini mashine haitajua dagaa wako wameanikwa wapi mpaka umeiambia. Kisha bandika jumbe zako mbili za zamani zilizoleta wateja, uandike "fuata mtindo huu". Mfano mmoja wa kwako unafanya kazi kuliko kuisihi iandike "vizuri" na "kwa mvuto".

Jibu la kwanza likipinda, usikate tamaa. Iambie "futa sentensi ya kwanza, punguza sifa". Mkishavutana sana fungua mazungumzo mapya, maana yale ya nyuma bado inayasoma na yanaivuta kulekule.

Bei ya leo usiiulize. Inaweza kukutajia tarakimu bila kupepesa macho, kumbe imeibuni. Wewe unajua mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa taa wanapumzika na gunia linapanda. Muulize mwenye mizani hapo jirani. Na daftari la wateja na namba zao za simu usilibandike humo.