Chipu Yako Haijazeeka, Umetishwa Tu

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nina kompyuta mpakato ya miaka 8: RAM gigabaiti 4, diski ngumu ya kawaida, prosesa ya gigahezi 2.4. Siku hizi inachukua dakika kadhaa kuwaka, na nikifungua kivinjari inaganda. Fundi ameniambia kwamba nguvu za chipu huongezeka maradufu kila miaka miwili, kwa hiyo yangu imebaki na moja ya kumi na sita ya nguvu inayotakiwa leo. Anasema ama ninunue mpya, ama aniwekee programu ya kulipia inayozidisha kasi mara mbili. Nimetazama hizo mpya, na baadhi zimeandikwa gigahezi 2.1, chini ya yangu! Nishike lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na diski. Toa hiyo inayozunguka, weka SSD (hifadhi ya chipu tupu, isiyo na sehemu inayozunguka). Ongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea, ifike gigabaiti 8 kama ubao mama unaruhusu (kwenye mashine nyingi nyembamba RAM imelehemiwa ubaoni, haibadilishwi), na feni isafishwe vumbi. Hiyo programu usiilipie, na ukipewa bure pia ikatae. Swali lako limekwisha hapo. Yanayofuata nayaandika kwa sababu hesabu hiyo ya moja ya kumi na sita naletewa kila mara, na kila mara aliyeitoa ana kitu cha kuuza.

Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye miaka mitatu baadaye alishiriki kuanzisha Intel, aliandika katika jarida la Electronics kwamba idadi ya vijenzi vinavyoweza kubanwa kwenye saketi moja kwa gharama nafuu ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha: kila miaka miwili. Utabiri huo ulishika vizuri ajabu. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300 hivi; transista ni swichi ndogo mno ya umeme, ndiyo kijenzi kikuu cha chipu. Chipu ya Apple M1 ya mwaka 2020 ina bilioni 16. Zidisha 2,300 kwa mbili, kisha jibu lake kwa mbili, na kuendelea, na kufikia mara ya 23 utakuwa umeipita idadi ya M1. Mara 23 ndani ya miaka 49. Hakuna chombo kingine nyumbani mwako kilichokua hivyo, na betri ndiyo kabisa.

Lakini soma tena alichosema. Alizungumzia idadi ya transista, na alizungumzia kile ambacho viwanda vinaweza kutengeneza. Juu ya chipu iliyokwisha kuuzwa hakusema lolote. Prosesa iliyotoka kiwandani na transista bilioni moja itakuwa nazo bilioni moja mpaka itakapokufa, na hesabu iliyoimaliza kwa sekunde moja siku uliyoinunua itaimaliza kwa sekunde moja leo. Ikiharibika, hutoa makosa au haiwaki kabisa. Haina tabia ya kupoteza nusu ya nguvu kila baada ya miaka miwili kwa sababu jirani kanunua mpya.

Kuna mambo mawili yanayoweza kuipunguza kweli, nayo fundi wako hakuyataja. La kwanza ni joto: vumbi likiziba feni, au ile pasta ya kupitisha joto juu ya prosesa ikikauka, chipu hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Dawa yake ni brashi na pasta mpya. La pili ni marekebisho ya usalama yaliyotolewa baada ya udhaifu wa prosesa uitwao Meltdown na Spectre kutangazwa Januari 2018. Yalipunguza kasi ya baadhi ya kazi, hasa kwenye prosesa za zamani. Lakini hata hilo haliko karibu na moja ya kumi na sita.

Sasa gigahezi zako 2.4 dhidi ya 2.1, yaani mabilioni ya midundo ya saa ya prosesa kwa kila sekunde. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, volteji nayo inaweza kushushwa, hivyo chipu inaweza kukimbia zaidi bila joto kuongezeka kwa kila milimita ya mraba. Kwa takriban miaka 30 watu walipata vyote viwili kwa pamoja, transista nyingi zaidi na mwendo mkubwa zaidi, wakadhani ni kitu kimoja. Kufikia miaka ya 2005 na 2006 mambo yalikwama: transista zilikuwa ndogo kiasi kwamba umeme ulivuja hata zikiwa zimezimwa, na volteji haikushuka tena. Mwaka 2004 Intel ilikuwa tayari imefuta mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4. Tangu hapo gigahezi zimepanda kidogo kidogo, na transista za ziada zimekwenda kwingine: kwenye viini vingi vya kufanyia hesabu badala ya kimoja, kwenye kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, na kwenye saketi maalumu za kufungua video, kuchakata picha na kusimba data. Kwa hiyo hiyo ya 2.1 inaweza kufanya kazi nyingi zaidi kwa kila mdundo wa saa kuliko yako, na kazi ikibana hupandisha mwendo wake kwa muda. Namba hiyo pekee haikuambii kitu. Anayekuuzia kwa gigahezi anauza kwa kipimo kilichopitwa na wakati miaka 20 iliyopita, na anayekuuzia kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) hana nafuu: siku hizi “nanomita 5” ni jina la kizazi cha utengenezaji, hakuna sehemu ya transista inayolazimika kuwa na upana huo.

Mashine yako inakwama wapi basi? Kwenye diski. Diski ngumu ni sahani inayozunguka na kichwa kinachohamahama kutafuta data, na chuma hakikuwahi kufuata mwendo wa Moore. Kutafuta kipande kimoja cha data kilicho mbali huchukua milisekunde 12 hivi. Kwa gigahezi 2.4, muda huo ni karibu midundo milioni 30 ya prosesa. Una fundi mwashi mwenye mikono myepesi, lakini anayemletea matofali anatambaa. Ukimleta mwashi mwepesi mara kumi na sita, ukuta utapanda kwa mwendo uleule. SSD haina kinachozunguka, na kipande hichohicho inakileta kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde. RAM yako ndogo inazidisha tatizo, kwa sababu ikijaa, mfumo unahamishia data kwenye diski hiyohiyo inayotambaa. Huko kuganda kwa kivinjari ndiko kunakotokea.

Programu nazo zina lawama yake. Niklaus Wirth, mtunzi wa lugha ya Pascal, alilalamika mwaka 1995 kwamba programu zinapungua kasi upesi kuliko vifaa vinavyoongeza kasi, na tangu hapo ukurasa wa kawaida wa intaneti umezidi kunenepa. Watengenezaji hupima kazi yao kwenye mashine mpya, kisha wewe ndiye unayebeba gharama.

Nisionekane napinga kununua mpya. Kama video za miundo ya kisasa kama AV1 zinaichemsha mashine yako, ni kwa sababu haina saketi ya kuzifungua, na SSD haitaiongezea. Na kama unatumia Windows 10, jua kwamba usaidizi wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, huku Windows 11 ikizikataa rasmi prosesa nyingi za umri huo. Angalia modeli yako kwenye orodha yao. Ikiwa haimo, unaweza kuhamia Linux, mfumo endeshi wa bure, au ununue mpya ukiwa na sababu ya kweli mkononi.

Turudi kwenye programu ya kuzidisha kasi, maana hapo ndipo subira huniisha. Programu haiongezi transista. Nyingi ya hizo hufanya kitu kimoja: zinaifukuza data iliyo kwenye RAM, kipimo cha RAM kwenye kioo kinashuka, nawe unafurahi. Mfumo endeshi ulikuwa umeiweka data hiyo humo makusudi ili usirudi diskini kuitafuta, sasa unarudi. Kompyuta inakuwa nzito zaidi dakika chache baadaye, programu inakushauri usafishe tena. Baadhi huleta matangazo, na baadhi ni programu hasidi zilizovaa nguo ya fundi. Kwenye simu kuna ndugu yake, “RAM ya ziada” inayotangazwa kama nane jumlisha nane. Ile nane ya pili ni sehemu ya hifadhi ya simu inayoazimwa. Inaweza kusaidia programu zisifungwe ovyo ukiziacha, lakini ni polepole mno kuliko RAM halisi na haigeuzi simu kuwa ya gigabaiti 16.

Wote hao wanakula kwenye imani moja, kwamba kwa kuwa chipu zimekua kwa kasi isiyo ya kawaida, basi ahadi yoyote isiyo ya kawaida inawezekana. Mbaya kuliko zote ni flashi na kadi za kumbukumbu za terabaiti nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Ndani yake kuna chipu ya gigabaiti chache, na programu yake ya ndani imefundishwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa. Utanakili faili, majina yataonekana yote, hakuna onyo. Nafasi halisi ikijaa, data mpya inaandikwa juu ya ya zamani au inapotelea hewani. Watu wamepoteza picha za miaka hivi, na wanagundua siku wanapozihitaji.

Kwa hiyo SSD utakayonunua, au flashi ya kunakilia data zako kabla ya kubadilisha diski, ipime ikiwa bado tupu. Programu ya H2testw kwenye Windows na ya F3 kwenye Linux au Mac hujaza nafasi yote kisha husoma kilichoandikwa na kulinganisha. Ni za bure, ila zinachukua saa kadhaa kwa kifaa kikubwa, ziache usiku. Matokeo yakionyesha makosa, rudisha kifaa ulikokinunua. Kama ulikwisha kuweka faili humo, usiongeze nyingine hata moja: zihamishe kwanza zinazofunguka, na kila moja uifungue uione, maana jina kuonekana kwenye orodha si ushahidi kwamba faili ipo.